Chakula cha mchana kwenye boti, Mto Chicago: jua unachokitazama kabla hujakaa mezani

DadaWaZiwani

Wakuu, habari za humu.

Majira ya joto yakikaribia huwa naona swali moja linajirudia: nina siku moja tu Chicago, niione vipi? Majibu ni yaleyale: panda Willis Tower, kapige picha Millennium Park, rudi hotelini. Mimi nimekaa huku miaka, na jibu langu ni ingia mtoni. Mji huu ulianzia mtoni, ukautesa mto, halafu ukaja kuupenda, na yote hayo unayaona kwenye kuta ukiwa umekaa kitini.

Kilichonisukuma kufungua uzi ni hizi safari za chakula cha mchana. Watu wanalipa hela nzuri, wanashuka wameshiba, ukiwauliza wameona nini wanakuambia "maghorofa". Inaniuma, maana walichopita chini yake ni darasa zima. Sababu ni kwamba boti nyingi za chakula zina muziki na maelezo machache tu ya nahodha kwenye kipaza sauti. Usipokuja na chako kichwani, utaangalia sahani.

Kabla ya kulipa, hakikisha boti inapita wapi. Meli kubwa za chakula, zile za sitaha mbili tatu, nyingi zinaondokea Navy Pier, gati la upande wa ziwani, na kwenda Ziwa Michigan. Mtoni haziingii kwa sababu madaraja yako chini. Ziwani utauona mji wote kwa mbali na ni mandhari ya kupendeza, lakini hutapita katikati ya majengo. Boti za mtoni ni fupi kwa kimo, na zile za chakula huwa zimefungwa vioo hadi paa ili uone juu ukiwa mezani. Tangazo likisema "chakula cha mchana majini" bila kutaja mto, uliza gati lilipo. Likiwa ukingoni mwa mto karibu na Michigan Avenue, kata tiketi.

Bei unayoiona mwanzo siyo utakayolipa. Kuna kodi, na mara nyingi kuna tozo ya huduma. Fika mwisho wa ukurasa wa malipo ndipo uamue. Bakshishi huku ni kawaida, ila angalia kwanza kama tozo ya huduma imeshaingizwa, usije ukalipa mara mbili. Wakikupiga picha mlangoni unapopanda, ujue utaletewa kununua. Kukataa siyo utovu wa adabu.

Kiti: omba meza ya dirishani unapokata tiketi, hata kama inaongezwa bei. Upande wa kulia au kushoto usikusumbue, kwa sababu boti inaenda na kurudi kwa njia ileile. Kama ni bufee, chukua chakula mapema boti ingali gatini, ule taratibu. Wengine wakiwa kwenye foleni wewe uko dirishani.

Sasa cha kutazama. Mto una umbo la Y. Shina kuu linatoka upande wa ziwa kwenda magharibi, likifika Wolf Point linagawanyika tawi la kaskazini na tawi la kusini. Hiyo Y ndani ya duara ni alama ya mji, utaiona kwenye majengo na madaraja ya manispaa.

Daraja la Michigan Avenue lilifunguliwa 1920, na tangu 2010 linaitwa DuSable, kwa heshima ya Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi ambaye ndiye mgeni wa kwanza kuweka makazi ya kudumu hapa. Alijenga ukingo wa kaskazini, karibu kabisa na hapo boti inapopita, akamwoa Kitihawa, mwanamke wa Wapotawatomi (kabila la wenyeji asilia), akafanya biashara hadi alipouza mali yake na kuondoka mwaka 1800. Mtu wa asili ya Kiafrika akianzisha mji kama huu, nasi tunapita chini ya jina lake tukitafuna saladi bila kujua! Hilo peke yake lilinitosha kufungua uzi.

Hapohapo kaskazini kuna Wrigley Building, jengo jeupe la vigae lenye saa, lililojengwa kwa pesa za ubani wa kutafuna na kukamilika 1924. Ng'ambo ya barabara kuna Tribune Tower ya 1925, lenye kilele kama cha kanisa kuu la kale la Ulaya. Ukishashuka kwenye boti rudi hapo kwa miguu, maana kwenye kuta zake za chini yamepachikwa mawe kutoka sehemu nyingi za dunia, likiwemo la Piramidi Kuu ya Misri. Kutoka majini huyaoni.

Mbele kidogo minara miwili ya mviringo, Marina City ya Bertrand Goldberg, miaka ya 1960. Wenyeji wanaifananisha na magunzi ya mahindi, na ukiiona hutabisha. Kila mnara una ghorofa 65, na 19 za chini ni maegesho ya magari. Unayaona yamepangwa, sehemu ya nyuma ikiwa nje, kama yanataka kuruka mtoni.

Merchandise Mart (1930) ndilo lile pana lisiloisha. Lilipokamilika lilikuwa jengo kubwa kuliko yote duniani kwa eneo la sakafu, na hadi 2008 lilikuwa na nambari yake ya posta peke yake. Ng'ambo yake, mto unapopinda, kuna 333 West Wacker ya 1983. Kioo chake ni cha kijani na kimepinda kufuata kona ya mto. Jua la mchana likikipiga unaona mto na mawingu juu yake. Hapo weka uma chini, tafadhali.

Ukiingia tawi la kusini, geuka kulia utazame 150 North Riverside. Jengo limesimama kwenye kitako chembamba kabisa halafu linatanuka kwenda juu. Walibanwa: upande mmoja reli, upande mwingine mto. Nikipita na wageni huwa nawaonyesha hilo kabla hata ya Willis Tower.

Karibuni tujadili.

InjiniaMaji

Dada umefanya kazi kubwa. Umeacha jambo moja ambalo kwangu ndilo roho ya huo mto: unatiririka kinyume na ulivyoumbwa.

Zamani uliingia Ziwa Michigan. Mji ukakua, majitaka na uchafu wa machinjio vikamwagwa mtoni, mto ukavipeleka ziwani, na ziwa ndilo lilikuwa chanzo cha maji ya kunywa. Unajua kinachofuata: kuhara, homa ya matumbo. Wakachimba mfereji wa takriban kilomita 45 kwenda mji wa Lockport, wenye kina cha kutosha kuyavuta maji upande wa pili. Januari 1900 ukafunguliwa, na mto ukageuka ukaanza kutoka ziwani kwenda mfumo wa Mto Mississippi.

Wanaoishi kule maji yanakoelekea hawakufurahi. Jimbo la Missouri, ambako ndiko iliko St. Louis, lililalamika kwamba linaletewa uchafu wa watu wengine, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1906 Illinois, jimbo lenye Chicago, ikashinda.

Boti yako ikienda hadi mashariki mwisho utaona malango makubwa kati ya mto na ziwa. Yako pale tangu 1938. Maji ya ziwa kwa kawaida yako juu kuliko ya mto, kwa hiyo boti inaingia kwenye chumba cha maji, malango yanafungwa, maji yanasawazishwa, ndipo inatoka upande wa pili. Wanaoenda ziwani hupitia hapo. Wahudumu wakikuambia "tunasubiri lango", usinung'unike, simama utazame.

Kipanga77

Mkuu @InjiniaMaji, kwa hiyo mtu anakula juu ya mfereji wa majitaka? Harufu vipi?

InjiniaMaji

Hapana mkuu, hiyo ni habari ya zamani. Sheria za maji zilibanwa, viwanda vingi vikaondoka ukingoni, na kuanzia miaka ya 1970 walichimba mahandaki makubwa chini ya mji ya kushika maji ya mvua yaliyochanganyika na majitaka yasifurike mtoni. Samaki wamerudi, ndege wanavua. Septemba 2025 walifanya mashindano ya kuogelea mtoni katikati ya mji, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu miaka ya 1920. Mvua kubwa ikinyesha hali hubadilika kwa muda, lakini siku ya kawaida harufu utakayoisikia ni ya jikoni.

FundiUjenzi

Nitapingana kidogo na mleta uzi, kwa heshima zote. Kama unapenda majengo kweli, chakula ni kikwazo. Chukua safari ya Chicago Architecture Center. Ni dakika 90, boti ya wazi juu, na mwongozaji ni mtu wa kujitolea aliyefundishwa hasa majengo ya mji huu, anaongea mwanzo mwisho. Kula kabla au baada, hapo Riverwalk, njia ya miguu ya ukingoni mwa mto, kuna pa kula kibao.

Kwenye boti ya chakula nani atakueleza kwamba Willis Tower ni mirija tisa ya mraba iliyofungwa pamoja, na kwamba ndiyo maana inapungua ngazi kwa ngazi kwenda juu? Fazlur Rahman Khan, mhandisi aliyezaliwa Dhaka, ndiye aliyebuni mfumo huo. Badala ya kutegemea nguzo nyingi za ndani, ganda la nje linabeba mzigo wa upepo. Jengo likafika mita 442, na likashikilia nafasi ya kwanza duniani hadi 1998. Watu wanaliona kama sanduku jeusi. Wakielezwa, wanalitazama upya.

Na St. Regis je, upande wa mashariki? Jeanne Gang alilibuni kama minara mitatu iliyoshikana, takriban mita 363, refu kuliko yote duniani yaliyobuniwa na mwanamke. Kuna ghorofa moja huko juu imeachwa tupu makusudi ili upepo upite katikati, jengo lisiyumbe. Na lile la 150 North Riverside ulilolitaja, huko juu lina matangi ya maji kwa kazi hiyohiyo: jengo likisukumwa huku, maji yanavuta kule.

DadaWaZiwani

Kaka @FundiUjenzi sibishani nawe, ile safari ni bora kwa mtu mzima mwenye nguvu zake. Ila fikiria aliyekuja na mama yake wa miaka sabini na kitu, au mtoto mchanga, au anayeletwa na ofisi na wenzake. Dakika 90 juani kwenye sitaha ya wazi, upepo wa ziwa, hakuna mahali pa kujiegemeza. Boti ya chakula ina meza, kivuli, choo karibu, na nafasi ya kuzungumza. Mama yangu mwenyewe alipokuja, alikaa dirishani akauliza maswali kuliko mwongozaji yeyote ninayemjua. Aliuliza zile alama za rangi kwenye nguzo za daraja ni za nini! Ndiyo maana nasema uje na maelezo yako, uwe mwongozaji wa watu wako.

Mwenye uwezo afanye zote mbili, siku tofauti.

MhudumuMstaafu

Niliwahi kuhudumu meza kwenye boti za aina hii, siyo lazima nitaje kampuni. Niongeze ya ndani.

Jiko la botini ni dogo. Vyakula vingi hutayarishwa nchi kavu, huku juu vinapashwa na kupangwa. Kwa hiyo chagua vinavyovumilia kupashwa: kuku, mchuzi, tambi, mboga za kuoka. Mwenye masharti, iwe halali, asiyekula nyama, au anayedhurika na karanga, aseme wakati wa kukata tiketi, halafu arudie kwa mhudumu akikaa. Ukisema wakati boti imeshaondoka, mpishi hana duka la kukimbilia.

Fikeni mapema kwa nusu saa. Boti haisubiri, hata kama ninyi ni ishirini na mmelipa yote. Nimeona watu wamevaa vizuri, maua mkononi, wanapunga mkono kutoka gatini. Inasikitisha.

Pombe ni kuanzia miaka 21, na kitambulisho kitaulizwa hata kama una mvi.

Mtu akitaka kusherehekea siku ya kuzaliwa, atuambie kabla. Tulikuwa tunafurahi kufanya hivyo, siyo usumbufu.

Nuru_K

Jamani, nikiwa mwoga wa maji je? Boti inayumba? Nimesoma mahali kwamba meli ilipinduka hapohapo mtoni nikaishiwa hamu.

MwalimuWaHistoria

Dada Nuru, ulichosoma ni kweli, na afadhali tukiseme vizuri kuliko kukificha.

Ni Eastland. Jumamosi asubuhi, tarehe 24 Julai 1915. Wafanyakazi wa kampuni ya Western Electric na familia zao walikuwa wanakwenda pikiniki Michigan City, Indiana. Zaidi ya watu 2,500 walikuwa wamepanda. Meli ilikuwa bado imefungwa gatini, kati ya mitaa ya Clark na LaSalle, ikaanza kulalia upande mmoja, ikarudi, ikalala tena, ikapinduka. Hatua chache tu kutoka ukingoni. Walikufa watu 844, zikiwemo familia nzima zilizofutika.

Meli hiyo ilikuwa inajulikana kwa kuwa na uzito mwingi juu. Baada ya Titanic, boti za kuokolea watu ziliongezwa kwenye meli, na kwa Eastland zile za nyongeza zilizidisha mzigo wa sitaha ya juu. Kifaa cha kuokoa kikawa sehemu ya maangamizi. Pale ukingoni, kona ya Wacker na LaSalle, kuna bamba la kumbukumbu. Ninyi mnaopita na boti, mkitoka Marina City kuelekea Merchandise Mart, eneo hilo liko upande wa kusini. Mimi huwa naacha kula tukifika hapo.

Boti za mtoni za leo ni pana na zimekaa chini, siyo kama ile iliyorundikwa sitaha juu ya sitaha. Kikosi cha Walinzi wa Pwani kinazikagua na kuzipangia idadi ya abiria. Mto wenyewe hauna mawimbi ya kutisha. Zaidi ni msukosuko wa boti nyingine zikipita. Ziwani ndiko kunakoyumba upepo ukivuma. Kwa hiyo kwako wewe, mto ni chaguo sahihi. Kaa katikati ya boti kwa urefu, karibu na chini, utahisi mtikisiko kidogo kuliko mbele au nyuma.

Nuru_K

Asante sana mwalimu. Nimeogopa kidogo na nimetaka kwenda zaidi.

Kipanga77

Na asiye na bajeti ya hayo yote?

DadaWaZiwani

Mkuu, kuna teksi za majini, zile boti za njano. Zinapita mtoni baina ya vituo, nauli yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya boti ya chakula, majengo ni yaleyale. Zinafuata msimu, kwa hiyo angalia ratiba kwanza. Beba maji na kitafunwa, teremka, kaa kwenye ngazi za Riverwalk ule huku boti za wenzio zinapita. Na ndani ya mnara wa kusini-magharibi wa daraja la DuSable kuna makumbusho madogo ya mto, ambamo unaona magia yanayoinua daraja. Upande wa barabara unakaa sawa na uzito mkubwa uliofichwa chini, ndiyo maana injini isiyo kubwa inatosha kuliinua. Majira ya kuchipua na ya vuli, siku maalumu, madaraja hufunguliwa moja baada ya jingine ili mashua za matanga zipite. Ukibahatika kuona, hutasahau.

MamaJunior_

Mimi naomba kujua msimu. Nakuja Machi, na nimeambiwa mto unakuwa kijani. Je, nikate tiketi ya chakula siku hiyo?

MhudumuMstaafu

Mama Junior, karibu. Boti za wazi nyingi huanza msimu majira ya kuchipua na kufunga vuli. Za vioo zilizofungwa huendelea hata baridi, na kula huku theluji inaanguka juu ya paa la kioo nako kuna raha yake.

Rangi ya kijani ni ya sikukuu ya Mtakatifu Patriki, Jumamosi ya gwaride, na ilianza 1962. Chama cha mafundi bomba ndicho kinachofanya. Walikuwa wanatumia rangi kufuatilia nani anamwaga majitaka mtoni, likazaliwa wazo. Unga wenyewe ni wa rangi ya chungwa, ukigusa maji unageuka kijani, na unashika kwa saa kadhaa tu.

Siku hiyo ukingo unajaa tangu asubuhi na boti zinakuwa zimeshauzwa zamani. Kwa hiyo fanya hivi: asubuhi simama barabara ya juu ya Wacker, ukingoni mwa mto, uone unga unavyomwagwa, maana kutoka botini tukio lenyewe hulioni vizuri. Safari ya chakula iweke Jumapili au Jumatatu, bei huwa nafuu na meza za dirishani zinapatikana. Vaa la kukinga upepo. Machi kwetu bado ni baridi kali.